Sijawahesabu na Sitawahesabu

Jumatatu, 4 Machi

Leo Rais alihutubia Bunge, na zamu ikaniangukia mimi. Dakika kumi katikati ya hotuba — zile tamu zenyewe. Sisi wachapaji wa Taarifa Rasmi tunapokezana. Unakaa ukumbini dakika zako kumi ukiandika nani anasema, kisha unashuka chumbani kwetu chini, unavaa hedifoni, unakanyaga pedeli ya kurudisha sauti, unachapa kila neno. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Sauti nimezisikia za kila aina. Hii ni nyingine kabisa. Hapayuki. Wenzake wanapopandisha, yeye anashusha, na ukumbi mzima unainama kumfuata.

Nilimpigia kura. Nitampigia tena. Miaka mitatu iliyopita mama alikuwa anasafiri siku nzima kwenda kusafishwa figo, anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Sasa mashine iko dakika ishirini kutoka nyumbani kwa kaka. Aliahidi, akaleta. Nimeshachapa ahadi ngapi katika chumba hiki? Hii ndiyo ya kwanza niliyoishika kwa mkono.

Mhariri Mkuu akapitia kurasa zangu. Tunamwita Mama Nukta, yeye akiwa hayupo, ingawa nadhani anajua. Mdogo wa umbo, miwani ya kamba shingoni, kikombe cha maji ya moto pembeni — maji matupu, hana habari na majani ya chai. Nilikuwa nimeandika (Makofi makubwa) mara tatu. Akalikata "makubwa" mara tatu. Akaniuliza kama nilipanda na mizani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema sisi tunaandika kwamba walipiga makofi, basi.

Yuko sahihi. Iliniuma kidogo, lakini yuko sahihi.

Jumatano, 6 Machi

Matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yamesitishwa kuanzia leo. Gharama, wamesema. Simu za wabunge nazo zinaachwa kwa askari mlangoni, kila moja na kibandiko chake. Utulivu, wamesema. Mimi naona sawa tu. Zamani nusu yao walikuwa wanaongea na kamera, si wao kwa wao. Leo wamesikilizana hadi raha.

Mwenzangu wa meza ya pili — Radi, kwa jinsi anavyoitandika kibodi — akasema sasa nchi nzima imebaki na masikio kumi na mawili: sisi sita. Tukacheka. Mama Nukta akasema kumi na manne, msinisahau. Hakuinua hata kichwa.

Jumapili, 10 Machi

Tumeshinda kwa kaka. Mama amenenepa! Ana nguvu za kugombana na mke wangu kuhusu chumvi, na kwangu hizo ni nyimbo.

Kaka ni fundi wa friji, na ni mwenyekiti wa tawi la chama. Ukutani kwenye karakana yake kuna picha mbili tu: marehemu baba, na Rais. Alikuwa ameifungua friji tumbo wazi, anatufafanulia siasa huku bisibisi mkononi. Kwamba wale wa kwanza walikuwa wanaiba kwa kutumia sheria, huyu anajenga kwa kutumia sheria. Wiki hii unakuja Muswada wa Tume ya Uchaguzi. Badala ya wajumbe kupendekezwa na kamati ya vyama vyote, Rais atawateua mwenyewe. Mambo yaende, alisema kaka. Kamati ile ilikuwa inakaa miezi sita kujadili ajenda ya kikao.

Hapo hakukosea. Nimezichapa zile ajenda.

Mke wangu anafanya kazi duka la dawa, na ni mtu wa kusoma maandishi yote ya kwenye boksi hadi yale madogo. Akauliza: na siku akija mwingine, mbaya, si atakuta wembe umeshanolewa? Kaka akasema ndiyo maana hatakuja mwingine. Alikuwa anatania. Tulicheka wote ila mke wangu, ambaye aliomba apitishiwe sahani.

Alhamisi, 14 Machi

Muswada wa Tume umepita. Kura safi, umesomwa mara zote zinazotakiwa, hakuna hatua iliyorukwa.

Lazima niseme — ni ufundi. Hakuna askari aliyeonekana barabarani. Hakuna aliyepigwa hata kofi. Kifungu kwa kifungu, kila kitu kwa kanuni. Wale wa zamani wakitaka kitu walikuwa wanakwapua, na nchi nzima inaona mkono. Huyu anaomba. Na anaomba vizuri, na sisi wenyewe tunampa. Nilikuwa nachapa huku natikisa kichwa, kama mtu anayemtazama fundi hodari akifanya kazi.

Mchana Mama Nukta alinituma stoo ya majuzuu kuhakiki tarehe moja. Nikavuta juzuu la miaka kumi na sita nyuma, likafunguka lenyewe penye ukurasa uliolainika kwa kushikwashikwa. Hotuba ya Rais! Wakati huo mbunge kijana wa upinzani, hata watu watano nyuma yake hana, anaisomea serikali mikataba iliyowaficha wananchi. Ukurasa huu ndio uliomfanya awe mtu. Ulinakiliwa, ukasomwa redioni, ukabandikwa kwenye kuta za vinyozi. Hilo kila mtu analijua. Nililokuwa silijui ni alilonieleza Radi nilipopanda: serikali ile ilitaka ukurasa ufutwe, na mhariri mmoja wa kawaida alikataa kuufuta. Wakampeleka maktaba akapange vitabu miaka miwili. Ukurasa ukabaki.

Nikamuuliza Mama Nukta kama ni kweli. Akasema vitabu vilikuwa vizuri. Nikamuuliza, yule kijana alimpenda? Akasema alikuwa anaongea haraka mno na anameza herufi za mwisho. Akarudi kwenye kazi yake.

Miaka kumi na moja nakaa naye chumba kimoja. Hajawahi kulisema hili hata siku moja.

Jumatano, 20 Machi

Niandike kwa utaratibu, nisije nikajichanganya mwenyewe baadaye.

Azimio la leo: uchaguzi uahirishwe miaka miwili, mpaka daftari la wapiga kura liandikwe upya. Daftari lina marehemu wengi, ni kweli. Baba mwenyewe bado yumo. Asubuhi nilikuwa upande wa ndiyo. Wapinzani walisema maneno makali, wakajibiwa kwa upole.

Zamu yangu ilianza saa tisa na dakika arobaini. Kiti chetu kiko chini ya meza ya Spika, hatua tano kutoka kwake. Spika akawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo — ikatoka ndiyo. Wasioafiki waseme siyo — ikatoka siyo, na haikuwa ndogo.

Sasa kanuni inasema hivi. Wabunge ishirini wakisimama kwenye viti vyao, Spika hana hiari. Anawahesabu, kisha kila mbunge anaitwa kwa jina na kujibu mbele ya wote. Kwenye sauti ya pamoja mtu hujificha. Kwenye jina lake hajifichi, na wengi wao Ijumaa wanarudi majimboni.

Wakasimama. Viti vikaguna. Mbunge mmoja, mwalimu mstaafu, akapaza sauti bila kipaza sauti: tumesimama ishirini na watatu, Mheshimiwa Spika, tuhesabu. Niliwahesabu na mimi, vidole vyangu chini ya meza. Ishirini na watatu. Wanne walikuwa wa chama cha Rais. Mmoja ni mbunge wa kaka.

Spika akawatazama wale wanne. Nadhani aliwatazama wao tu. Kisha akainamia kipaza sauti.

"Kaeni chini. Sijawahesabu na sitawahesabu. Walioafiki wameshinda."

Nyundo. Imekwisha. Dakika mbili hazikutimia.

Nilishuka, nikavaa hedifoni. Sauti imeingia safi, herufi kwa herufi. Nikachapa. Radi akaja nyuma yangu, akaazima upande mmoja wa hedifoni, akasikiliza, akarudi mezani kwake. Akachapa taratibu — Radi!

Mama Nukta akasikiliza mara tatu, macho yamefumba. Maneno ya yule mwalimu akayakata, akaweka (Baadhi ya wabunge walisimama). Aliyesema bila kupewa nafasi na Spika haingii kwenye Taarifa, ndiyo kanuni. Nikabisha. Nikamwambia nimewahesabu mwenyewe, kwa macho yangu. Akasema macho yangu ni yangu, Taarifa inachukua masikio tu. Nilikasirika. Nikadhani ameogopa.

Kisha nikaona maneno ya Spika ameyaacha yote. Hajagusa hata koma.

Alhamisi, 21 Machi

Katibu wa Bunge ameshuka mwenyewe. Hajawahi kushuka, huwa tunapanda sisi. Ni mtu mzuri, niseme ukweli. Mama alipolazwa ndiye aliyenipa ruhusa ya wiki mbili bila kuuliza swali. Alikuwa na barua ya Spika. Kanuni inamruhusu msemaji, ndani ya siku moja, kusahihisha alichosema: sarufi, jina lililokosewa, namba. Barua iliomba sahihisho dogo. Palipo na "Sijawahesabu na sitawahesabu" pasomeke "Nimewahesabu na hawatoshi".

Mama Nukta akaisoma barua mara mbili.

"Ulimi uliteleza," alisema Katibu. "Alikusudia hivyo."

"Alichokusudia sikukisikia," alisema Mama Nukta. "Nimesikia alichosema."

Katibu hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akakaa karibu naye kama mtu aliyekuja kumjulia hali. Akaeleza kwamba nchi imetulia, watu wanafanya kazi zao, na mstari mmoja unaweza kuwapa wachochezi kuni. Kwamba azimio lingepita vyovyote vile. Kwamba hakuna anayeombwa kusema uongo, ni kusaidia maana itokee vizuri. Alisema vizuri sana. Kwa muda nilijikuta nakubali kwa kichwa!

"Na wewe, mama, ni wa mwisho wa kumkwamisha Rais," akamalizia. "Ulimbeba kabla sisi hatujamjua."

"Sikumbeba. Nilimwandika."

Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha neno moja lililokosewa herufi kwenye barua ya Spika, akamrudishia barua yake.

Chumba kizima tukainamia kibodi. Radi alikuwa anakohoa kuficha kicheko.

Katibu akasimama. Akauliza zamu ilikuwa ya nani. Nikasema yangu. Akaniuliza, kwa upole uleule, kama kweli nilisikia vizuri, maana ukumbi ulikuwa na vurugu.

Nikasema, "Kulikuwa na kelele."

Ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno. Niandike hapa kama lilivyotoka, maana ndiyo kazi yangu. Katibu akanishukuru. Mama Nukta hakunitazama. Akanywa maji yake.

Jumamosi, 23 Machi

Wapinzani wamefungua kesi. Wanasema kura ya majina ilidaiwa na ikakataliwa, kwa hiyo azimio ni batili. Mahakama itataka ushahidi, na ushahidi wa kilichosemwa bungeni ni mmoja tu: ukurasa wa Taarifa Rasmi wenye muhuri na sahihi ya Mhariri Mkuu. Matangazo hakuna. Simu zilikuwa mlangoni. Na sahihi ikishawekwa, sauti inafutwa, mtambo utumike tena. Utaratibu wa tangu enzi.

Kwa hiyo ni ule ukurasa. Nimehesabu kila upande, hakuna mwingine. Kila kilichofanyika mwezi huu kilikuwa na sababu yake nzuri, na kila kimoja nilikikubali. Gharama. Utulivu. Mambo yaende. Leo nimevipanga pamoja kwa mara ya kwanza, nikakaa kitandani na soksi moja mkononi.

Jumanne, 26 Machi

Wamemwondoa Mama Nukta. Na wamemwondoa vizuri mno hata sijui nilalamike kwa nani.

Alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu. Asubuhi tumeitwa ukumbi mdogo: maua, keki yenye jina lake, wapiga picha. Likizo ya heshima kuanzia leo, mshahara kamili hadi mwisho. Na nishani! Barua ya Rais ikasomwa. Aliiandika mwenyewe, naijua sentensi yake nikiisikia. Anamkumbuka mhariri aliyelinda maneno ya kijana asiye na nguvu. Anasema bila yeye asingekuwa hapo alipo. Watu walifuta machozi. Mimi pia. Na naamini hakuwa anadanganya, hilo ndilo linalonichanganya. Anamshukuru kweli, na anamtoa kweli, kwa barua moja.

Muhuri ulichukuliwa kutoka mezani kwake saa mbili, kabla ya keki.

Akaombwa aseme neno. Alipanda na mkoba wake begani, kama mtu anayewahi gari.

"Nawashukuru. Ukurasa wa tarehe ishirini uko tayari. Hauna makosa. Unasubiri sahihi tu."

Akashuka. Makofi yalichelewa kidogo, kisha yakaja. Radi ndiye aliyeanza, na Radi ana watoto wanne na mkopo wa nyumba. Sikujua kwamba ninafanya kazi na watu wa namna hii.

Jumatano, 27 Machi

Mimi ndiye Kaimu Mhariri Mkuu.

Katibu alinipa barua mkono kwa mkono. Alisema wameangalia uzoefu, nidhamu, na kwamba familia yetu inajulikana. Yaani kaka. Radi ananizidi miaka sita kazini. Katibu anataka nianze kwa kusafisha viporo — ule ukurasa mmoja, basi. Ameniachia nakala yake, yenye lile sahihisho la Spika, ikiwa imeshachapwa.

Kaka alinipigia kabla sijafika nyumbani, tawini wameshajua. Alikuwa anacheka peke yake kwenye simu. Akasema baba angekuwepo! Nilishindwa kumharibia. Nikamuuliza kama mbunge wake amemwambia lolote kuhusu siku ile. Akasema mbunge anaumwa, hapokei simu wiki nzima. Akasema amesikia kwamba hatagombea tena. Kisha akaaga haraka, na kaka si mtu wa kukata simu mapema.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nikaanza kumweleza cheo, ofisi, alichosema Katibu, alichosema kaka. Akanikatiza.

"Usinieleze wanavyotaka. Nieleze ulichosikia."

Nikamwambia. Akaniomba nirudie. Nikarudia, vilevile. Akakunja shati la binti yetu mdogo, akaliweka juu ya mengine.

"Basi unajua," akasema.

Jumapili, 31 Machi

Nimekwenda kwa Mama Nukta. Nyumba ya safu, geti dogo la chuma. Nimemkuta amevaa kanga kuukuu, anapaka geti rangi ya kijani. Nishani sikuiona popote. Akanipa brashi ya pili kabla hata sijamaliza kusalimia. Tumepaka, yeye juu, mimi chini.

Nilimwomba radhi kwa siku ile ya Katibu. Akasema ni kweli kulikuwa na kelele. Akachovya brashi. Akasema, na ulisikia.

Nilimwambia nilivyomwona siku ile, jinsi asivyotetemeka, jinsi ninavyotamani kuwa na moyo kama wake. Akaniambia nisimpambe. Kwamba miaka ile, alipopelekwa maktaba, alilia wiki nzima kati ya makabati, na mumewe akamwambia aombe msamaha, na alishaandika barua ya kuomba. Hakuipeleka kwa sababu siku hiyo mkuu wake hakuwepo ofisini. Kesho yake akaona aibu kuipeleka. Ndiyo ushujaa wenyewe, alisema. Akacheka — mara ya kwanza namsikia akicheka.

Nimempenda zaidi kwa hilo. Sijui nieleze vipi. Jiwe ningelistaajabia tu. Huyu ni mtu, aliogopa kama mimi, na ukurasa bado upo.

Nikamuuliza kama anajuta kumwandika Rais. Akashangaa. Akasema alimpigia kura, kama mimi. Siku ile kijana alisema kweli, na hata angesema uongo angemwandika vilevile. Kazi yetu si kuchagua nani apande. Ila akishapanda, asije akasema hakusema.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza moja kwa moja: nifanye nini?

"Mimi nimeshaondoka, mwanangu. Usinitafute kwenye sahihi yako."

Mikono yangu ina rangi mpaka sasa. Nimeisugua na mafuta ya taa, haitoki yote.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimeshinda nasingizia kazi nyingine. Nimehariri kikao kizima cha maji vijijini. Kurasa arobaini na mbili! Kazi safi. Katibu amepita mara mbili mlangoni, akatabasamu.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika kazini, haraka. Katibu ametoka kwenda koridoni kupokea simu.

Karani wa mahakama amefika saa nne na hati. Wanataka ukurasa wa tarehe ishirini, wenye sahihi na muhuri, kabla mahakama haijafunga saa tisa. Wamemkalisha kwenye benchi nje. Sasa ni saa nane na nusu.

Katibu amekaa nami tangu saa sita. Hajanilazimisha. Aliagiza chai mbili. Amenipangia kurasa mbili mezani, ya Mama Nukta na ya kwake. Neno kwa neno zinafanana, isipokuwa mstari mmoja. Ameniwekea muhuri katikati. Ameniambia kwamba ukaimu haukai muda mrefu, unathibitishwa au hauthibitishwi. Ameniambia kwamba Rais mwenyewe anasoma Taarifa kila wiki, na ameisifu ile ya maji vijijini. Moyo wangu ulipanda niliposikia hivyo. Naona aibu kuliandika, lakini ulipanda.

Kisha akauliza habari za mama. Kama bado anasafishwa pale pale. Akasema ile mashine ni nzuri sana, zimeletwa chache, inabidi kuzitunza. Nimeigeuza sentensi hiyo kila namna. Ilikuwa salamu? Sauti ilikuwa ya salamu.

Nimevaa hedifoni nikamsikiliza Spika tena. Mara tano. Nilitumaini nimekosea. Mtu anaweza kukosea, ukumbi una mwangwi. Hapana. Na leo, nyuma ya Spika, mbali, nimesikia kitu ambacho sikukisikia kwanza: mtu anahesabu kwa mnong'ono. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Ni mimi. Nilidhani nilihesabu kwa vidole tu.

Sauti yangu imo kwenye mtambo. Haiingii kwenye Taarifa, sikupewa nafasi na Spika. Nikisaini, itafutwa pamoja na zote.

Karani amechungulia mlangoni. Mtu mzima, koti limekwisha viwiko. Anasema kama bado, anaweza kurudi wiki ijayo. Mkubwa hapo nje amemwambia hakuna haraka, kesi itasogezwa.

Nimemwambia, "Ingia, mzee. Kaa. Usiondoke bila karatasi yako."

Imetoka kubwa kuliko nilivyotaka. Kibodi zote zimenyamaza, hata ya Radi. Koridoni Katibu amekata simu. Nasikia viatu vyake vinarudi, havina haraka. Karani ananitazama, anatazama kurasa mbili, anatazama mlango.

Mzee amevuta kiti. Amekaa.